Gari Lililovundikwa Kihambani

Juzi, nikipita Shirimatunda, niliona mtu akiosha gari kuukuu, nikakumbuka harufu ya kutu na majani makavu ya migomba katika kihamba chetu, shamba la kuzunguka nyumba, huko Kibosho. Baba alilifunika gari letu kwa majani hayo, kama tulivyovundika ndizi, asiliendeshe ila Krismasi. “Kisichotumika hakichakai,” alisema. Lingeuzwa siku kaka yangu atakapofaulu kwenda sekondari, ili kumlipia ada.

Kaka alipofaulu, mnunuzi alipanda kutoka mjini. Baba akayaondoa majani taratibu. Mgeni alibonyeza sakafu ya gari, kidole kikazama kwenye kutu.

“Mzee, hili umelivundika mpaka limeiva!” alisema akicheka. “Gari huoshwa, huendeshwa, huuzwa mapema.”

Nilidhani analisifu. Alipoondoka bila gari nilirukaruka kwa furaha: “Baba, limebaki letu!”

“Limebaki, mama,” alinijibu, akaanza kulifunika upya.

Kaka alisomeshwa kwa kuuza ng'ombe wetu wa pekee. Lakini ninachokijutia zaidi ni zile Jumapili zote tulizopanda mlima kwa miguu kutoka kanisani, bibi akiegemea bega langu, huku gari likioza pale nyumbani.