Vinyozi Watatu wa Mwalimu Soud

Mzee Abrahman kinyozi alipofariki, Gando nzima, huku Pemba, ilimsikitikia, lakini aliyelia kwa kwikwi mpaka wafiwa wenyewe wakaona haya alikuwa Mwalimu Soud. Watu walistaajabu. Hawakuwa ndugu, wala hawakupata kuonekana wakinywa kahawa pamoja, na Mwalimu ni mtu aliyemzika mama yake mzazi kwa macho makavu huku akiangalia saa. Walimwona mwema siku hiyo. Hawakujua kwamba hakuwa akimlilia Mzee Abrahman hata kidogo. Alikuwa akikililia kichwa chake.

Chini ya kofia ya Mwalimu Soud kulikuwa na kipara, na si kile kipara cha heshima kinachoanzia kwenye paji la uso kikarudi nyuma taratibu kama kinaomba ruhusa. Hiki kilianzia utosini, kikatanukia upande wa kulia, kikaacha kishungi kimoja juu ya sikio la kushoto kama kichaka kilichosahauliwa na wachoma mkaa. Mwalimu husomesha jiografia skuli ya sekondari. Siku moja mbele ya kioo alikiri mwenyewe kwamba hajapata kuona mfano mzuri zaidi wa mmomonyoko wa ardhi, ila huu hauwezi kuonyeshwa darasani.

Kwa bahati yake alizaliwa mahali ambapo mwanamme akikaa na kofia tangu alfajiri mpaka anapolala haulizwi ana nini. Kazi ya Mzee Abrahman, kwa miaka kumi na sita, ilikuwa kuzitengeneza zile nywele za pembeni na za kisogoni zinazochungulia chini ya kofia, zionekane kama zimefurika kutoka juu. Mzee alikuwa kiziwi wa sikio moja na mvivu wa lile la pili. Mtu wa tatu aliyekijua kichwa kile alikuwa Saada, mke wa zamani wa Mwalimu, ambaye aliitunza siri ile miaka kumi na moja na hakushukuriwa hata kwa kanga.

Msikitini Mwalimu alikwenda na udhu wake kutoka nyumbani. Kwenye birika mtu lazima apake maji kichwani, na kichwa hakipakwi maji juu ya kofia. Udhu ukimtenguka hapo hapo msikitini, na kwa muhogo alaao ulimtenguka mara nyingi, alitoka mbio kurudi kwake kutia mwingine huku sala ya jamaa ikimpita. Aliamini kwa dhati kwamba hakuna aliyepata kuliona hilo.

Na Mzee Abrahman alichagua wakati mbaya wa kufa. Zilibaki wiki tano tu Mwalimu amuoe Rahila.

Rahila ni fundi cherehani wa Ole, mtalaka wa miaka thelathini na minne, mweupe wa meno, mwenye vyerehani viwili na ulimi unaotosha kuviendesha vyote. Mwalimu alikuwa na miaka arubaini na tisa, lakini mbele ya mshenga, Bi Mwanamize, aliitaja arubaini na mbili, na kwa ushahidi akatoa picha aliyopigwa chuo cha ualimu, nywele zimemsimama kama aliyeshika waya wa umeme.

Bi Mwanamize aliiangalia picha, kisha akaiangalia kofia.

"Picha nzuri, Mwalimu. Ila nikwambie mapema, mtoto huyu ana neno lake. Yule mume wa mwanzo alikuwa na kipara. Keshasema mbele ya watu arusini kwamba hataki tena kichwa king'aacho kuliko sufuria zake."

"Ana haki yake," alisema Mwalimu, na jasho likamtoka.

"Basi mie n'shakwambia," alisema Bi Mwanamize, macho bado kwenye kofia. Mwalimu akadhani anaipenda ile nakshi.

Kwa hiyo alihitaji kinyozi, na haraka. Vinyozi wenye mkono mzuri wamejaa. Wenye mdomo uliofungwa ndio tabu, kwa sababu mtu huchukua kazi ya unyozi kwa ajili ya kusema. Nywele ni kisingizio tu cha kumweka mtu mahali asipoweza kuondoka. Mwalimu alikaa na daftari, akapanga mambo kisomi. Atakwenda kwa vinyozi watatu, kila mmoja atamtengenezea ndevu tu, kofia ikibaki mahali pake, na kila mmoja atamwachia siri yake peke yake, ya uwongo. Kisha atasubiri. Siri isiyorudi ndiyo itakayomwonyesha kinyozi.

Alianza na Suhaib, mwenye saluni ya taa za rangi na kiti kinachozunguka. Suhaib hunyoa huku akizungumza na simu, mteja na kioo kwa pamoja, na mara nyingi kioo ndicho kinachopata sehemu kubwa.

"Suhaib, nikwambie kitu, kibaki hapa hapa," alinong'ona Mwalimu chini ya povu. "Nauza shamba la mikarafuu la marehemu baba."

"Yakhe! Lile lote?"

"Lote. Lakini siri."

"Kwangu? Mwalimu, mie kaburi."

Kesho yake, kabla kengele ya kwanza haijalia, mwalimu mkuu alimvuta pembeni akamuuliza, kwa sauti ya kidugu, kama mikarafuu inauzwa pamoja na ardhi.

Akaenda kwa Ishak. Duka la Ishak lina benchi refu, na juu ya benchi hukaa wazee sita ambao kwa jumla yao hawana nywele za kunyoa mara moja kwa mwaka. Hapo Mwalimu alisema kwamba daktari amemwambia figo lake moja limeshakufa. Ishak alimpapasa bega, akasema "Pole, Mwalimu, tutakuombea kimya kimya." Mwalimu alipofika nyumbani, jirani alikuwa keshaleta uji. Baada yake akaja Pandu, muuza samaki, akakaa, akahema, akauliza kwa upole ile baiskeli ataachiwa nani.

Akabaki Haitham wa Mgogoni.

Chumba cha Haitham hakina hata kalenda. Kina kiti cha mbao, kioo kilichopata kuvunjika kikaungwa, mashine moja, wembe, na Haitham mwenyewe, mtu mwembamba ambaye midomo yake huchezacheza siku nzima kwa kumtaja Mungu, kwa hiyo haina nafasi ya kutaja watu. Mwalimu aliifikiria siri ya hapa kwa uangalifu. Alitaka kitu kizito, kitu ambacho mtu mwenye ulimi hawezi kukilaza ndani.

"Haitham, n'na mke Mombasa. Na watoto wawili. Hajui mtu."

Mashine ilisimama.

"Hajui mtu kabisa?"

"Kabisa."

"Allah akusitiri," alisema Haitham, na mashine ikaendelea.

Ikapita wiki. Ikapita ya pili. Mwalimu alizunguka masokoni na misikitini akitega sikio. Shamba lake lilikwishanunuliwa mara tatu na mazishi yake yalikwishapangwa, lakini Mombasa hakuitaja mtu. Kwa furaha alilala kama mtoto. Wiki ya tatu akarudi Mgogoni, akafunga mlango kwa mkono wake, akavua kofia.

Haitham alitazama. Alisema "Bismillahi" kama mtu anayekamata kisu cha kuchinjia, kisha akafanya kazi ambayo Mzee Abrahman, Mungu amrehemu, hakuiweza hata enzi za uzima wa macho yake. Alipoirudisha kofia, Mwalimu alijiona kwenye kile kioo kilichoungwa akiwa na nywele za kijana wa chuo. Alitaka kumbusu.

"Siku moja kabla ya nikaha nitakuja tena," alisema.

"Inshaallah," alisema Haitham, na uso wake ulikuwa na huzuni ambayo Mwalimu aliichukulia kuwa ni uchaji.

Siku mbili kabla ya nikaha aliitwa Ole, kwa Mzee Yussuf, ami yake Rahila na wali wake wa kumuoza. Alidhani anaitiwa mambo ya mkeka na viti. Alimkuta Mzee Yussuf kakaa na Bi Mwanamize, na nyuma ya pazia la mlango cherehani kilikuwa kikilia, kikanyamaza alipotoa salamu.

"Karibu, Mwalimu. Mombasa hawajambo?"

"Mombasa?"

"Wale wawili. Na mama yao."

Mwalimu alikaa kwenye mkeka bila ya kuonyeshwa.

"Mie ni mtu wa zamani," alisema Mzee Yussuf. "Simuozi mtoto wa ndugu yangu bila ya kwenda kumuulizia mposaji. Nimemuuliza imamu wako, nimewauliza jirani. Hayo ya figo na ya shamba nimeyasikia nikacheka. Maneno yatokayo kwa Ishak na kwa Suhaib hata paka hawayaamini. Mwisho nikamwendea Haitham. Hakutaka kusema. Nikamwambia, mwanangu, hili si umbea, hili ni ndoa, unaulizwa juu ya mposaji. Ukificha aibu hii utakwenda kuijibu weye mbele ya Mungu. Kakaa mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha kasema, na kalia. Na Haitham hajapata kusema uwongo tangu azaliwe, hilo Pemba nzima yalijua."

Hapo Mwalimu akaelewa alichokifanya. Katika kisiwa chote alikuwa amemtafuta, kwa daftari na kwa kalamu, mtu mmoja ambaye akisema neno haliwezi kukanushwa, na akamkabidhi uwongo.

"Mzee Yussuf, yale niliyazua."

"Umemzulia kinyozi mke?"

"Ndiyo."

"Na watoto?"

"Na watoto."

"Kwa sababu gani?"

Sababu ilikuwa pale pale, chini ya kofia, ikiwasha. Mwalimu aliliangalia pazia. Alijua kwamba akisema atampoteza Rahila kwa kipara, na asiposema atampoteza kwa Mombasa.

"Nilikuwa namjaribu kama anaweza kutunza siri."

"Siri gani?"

Jogoo aliwika nje, Bi Mwanamize akamwambia ishii. Mwishowe Mwalimu akainua mikono yote miwili, akaivua kofia polepole kama mtu anayefunua sahani ya mgeni, akaiweka magotini. Mwanga wa dirishani ukatua pale juu ukakaa. Alifumba macho.

Alipofumbua, Bi Mwanamize alikuwa akichagua kashata.

"Haya," alisema Mzee Yussuf kwa subira. "Siri yenyewe ipi?"

"Hii!"

"Hiyo?" Mzee alisogea mbele akatazama, akarudi nyuma. "Mwalimu, ntu anayetoka mbio msikitini kila siku kwenda kutia udhu kwao, weye wadhani watu wafikiri ana nini kichwani, dafu? Hata sie wa Ole twajua. Imamu wenu husema ukichelewa rakaa ya kwanza, mvumilieni, kaenda kuosha sinia."

Kutoka nyuma ya pazia ilikuja sauti, haina hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwalimu, kile kipara cha yule wa mwanzo nilikizoea kwa wiki mbili. Uwongo wake nilikaa nao miaka sita sikuuzoea. Yale maneno ya sufuria nilimwambia Bi Mwanamize akufikishie makusudi, nione kama utasema mwenyewe. Ungesema siku ile tu, ningekupikia biriani."

"Nasema leo, Rahila!"

"Leo umesemeshwa."

Na cherehani kikaanza tena.

"Nipe ushauri basi, weye msomi," alisema Mzee Yussuf. "Kama mke yupo, umetuficha. Kama hayupo, umemfanya mcha Mungu akatoa ushahidi wa uwongo na machozi juu. Katika watu wawili hao, yupi nimuoze mtoto?"

Mwalimu alitoka, na alikwishafika njiani ndipo Bi Mwanamize akamfuata na kofia mkononi, mbele ya wanawake waliokuwa wakianika karafuu.

"Wasahau nguo! Na picha yako hii hapa. Kijana huyu katupendeza sote, Mwalimu, ukimwona msalimie."

Ndani ya siku tatu Gando ilikuwa na habari mbili. Ya kwanza ilisema Mwalimu Soud ana mke wa siri Mombasa. Ya pili ilisema hana mke popote, bali alimzua ili afiche kipara ambacho hata wanafunzi wa darasa la kwanza wanakichora mchangani. Ya kwanza watu waliisimulia kwa kunong'ona, na kidogo kwa wivu. Ya pili waliisimulia huku wakishika ukuta wasianguke. Kwa Ishak wale wazee sita waliicheza kama tamthilia, mmoja akiwa pazia.

Mwezi ulipopita nywele za pembeni zikawa ndefu, Mwalimu akarudi Mgogoni. Hakuwa na pengine pa kwenda. Haitham alimpokea kwa kuinamisha macho.

"Mwalimu, nisamehe. Niliulizwa kwa ajili ya ndoa, sikuwa na njia. Na huko nje wanasema maneno mengine, kwamba ati hukuwa na mke. Mie siwasikilizi. Nimewaambia, mtu hawezi kuwazua watoto."

Hapo Mwalimu angeweza kumwambia kweli mtu mmoja. Alijitazama kiooni, kichwa wazi, kimegawika mara mbili pale kioo kilipoungwa. Kote Pemba alikuwa amebakiwa na mtu huyu tu asiyemcheka.

"Umesema kweli, Haitham. Sina kinyongo."

"Alhamdulillahi." Haitham alivuta pumzi kama aliyetuliwa gunia. "Na wao hawajambo?"

"Hawajambo. Mdogo kaanza chuo cha Kurani."

"Mashaallah! Nani jina lake?"

Mwalimu alifikiri kidogo.

"Nusaiba."

"Na mama yake?"

"Mehjabeen," alisema Mwalimu, akanyoosha shingo. "Ana nywele mpaka hapa."

Haitham akaiwasha mashine, akainama juu ya kile kishungi cha sikio la kushoto, na midomo yake ikaanza kuwaombea dua wote watatu.