Dau la Chapati

Mtihani wa kuwa msimamizi wa washauri wa waraibu wa kamari ulikuwa umenishinda mara mbili, na shida ilikuwa mdomo wangu. Msimamizi anatakiwa kumsikiliza mshauri mpaka mshauri ayasikie maneno yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nahubiri. Mtahini alinionya kwamba nikianguka tena, nitafute kazi nyingine.

Mara hii alikaa kwenye kona ya ofisi yetu hapa Eldoret kunitazama nikiendesha kikao, amenuna kama mtu aliyepewa chai bila sukari. Mbele yangu aliketi mshauri wetu wa mtaa wa Huruma. Zamani huyu alikuwa akibeti mpira kwa simu mpaka mahindi ya babake kule Moi's Bridge yakaisha ghalani. Alikuwa ameacha kwa miaka, na sisi tulimjivunia kuliko cheti chochote ukutani.

Nikamuuliza wiki imekuwaje. Akaangalia viatu. Akaeleza kwamba wenzetu wa ofisini walikuwa wamewekeana dau la chapati, kama nitapita au nitaanguka. Washauri wa kamari, jameni! Watu wanaoamka asubuhi kwenda kukataza wengine. Na yeye pia alikuwa ameweka.

"Nilisema utaanguka, Madam."

Damu ilinipanda. Hotuba ilikuwa tayari kooni, na aya za Biblia juu yake. Nikauma ulimi, nikanywa maji, nikamuuliza tu alijisikiaje wakati akiweka.

Mtahini akaacha kuandika.

"Raha," akasema. "Ile ya zamani, yenyewe kabisa. Na bado haijaondoka."

Akaanza kulia. Nilitaka sana kusema kitu, Mungu ananijua, lakini nilinyamaza nikakaa naye.

Nilipita. Mtahini alinipa mkono na kwenda zake. Jikoni nikawakuta wenzangu wakigawana chapati kwa vicheko, wengine wakilalamika kwamba nimewaharibia. Ile hotuba niliyokuwa nimeimeza niliitapika yote pale pale, na sijutii hata neno moja. Wakaziweka chapati chini mmoja mmoja.

Nilipogeuka, yule mshauri wa Huruma alikuwa amesimama mlangoni, macho bado mekundu.

"Madam, kikao chetu cha wiki ijayo, tunaweza kukifanya kesho?"

Nikamwambia kesho ni mbali, tukarudi ofisini.