Filamu Mpya Aliyomo Mwana wa Mama Mkubwa

Msikilizaji wangu, sogea karibu kidogo. Kabla sijakusimulia yaliyompata mama mkubwa, inabidi nikueleze jinsi filamu mpya inavyofika kwetu Uvira. Nikiliruka hilo utadhani kuna mtu alimkosea, nawe utamkasirikia bure. Hakuna aliyemkosea.

Kwetu filamu mpya inakuja mfukoni. Mtu anatoka Bujumbura, anavuka mpaka pale Kavimvira akiwa na flashi ndogo kama kucha, na kila Ijumaa filamu za wiki zinakuwa tayari kwenye kompyuta yangu, katika kibanda changu cha mbao kule Songo. Kazi yangu ni kuwawekea watu filamu kwenye simu. Mwenye sinema ya jirani naye huja kuchukua zake. Tunaiita sinema, lakini ni chumba kirefu cha matofali, kina mabenchi, mapazia mazito madirishani, na televisheni kubwa juu ya meza. Mlangoni kuna ubao wa filamu mpya za wiki hii. Huo naandika mimi kwa chaki, kwa sababu mwenye sinema anasema mwandiko wake unafukuza wateja.

Sasa, filamu nyingi zinatoka mbali na zinasema lugha tusizozijua. Kwa hiyo kabla ya kutufikia hupitia kwa mfasiri. Huyu ni mtu mmoja anayekaa mbele ya kompyuta na kipaza sauti, anaitazama filamu tangu mwanzo hadi mwisho huku akieleza kwa Kiswahili yote yanayosemwa. Sauti ya filamu inashushwa, yake inapandishwa. Yeye ndiye askari, ndiye bibi harusi, ndiye mtoto anayelia. Anaongeza na utani wake, na watu wanaupenda utani huo kuliko filamu yenyewe. Wateja wangu hawaniulizi nani amecheza. Wananiuliza nani amefasiri. Filamu isiyo na mfasiri wanaiita bubu, hata kama ndani yake kila mtu anapiga kelele.

Mimi mwenyewe niliizoea sauti ya mfasiri kiasi cha kutoisikia tena, kama mtu anayeishi kando ya ziwa asivyosikia mawimbi.

Mama mkubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Analima mpunga Sange. Mwanawe wa mwisho alifariki katika msimu wa mvua uliopita, kwa homa iliyomchukua haraka mno hata dawa hazikupata nafasi ya kufanya kazi. Kabla ya hapo, wakati wa kiangazi, vijana wa Sange walikuwa wametengeneza filamu kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, na yeye walimchukua acheze. Walipiga picha nyumbani huko bondeni, wakapanda milimani hadi Rurambo kwa sababu walitaka ng'ombe wa kweli. Alicheza msemaji wa upande wa bwana harusi, mtu anayetumwa kueleza kwa wakwe kwa nini ng'ombe wa mahari hawajafika. Walimchagua kwa ajili ya sauti. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti nzito ya mzee, na alizungumza taratibu, neno moja, kisha lingine, hadi ukatamani kumsaidia kumaliza.

Sauti hiyo haikubaki popote. Simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupigia tu. Picha zake zipo, mama mkubwa anazo mbili, moja ya shule na moja ya kipaimara. Kwa hiyo vijana wale walipompigia simu kumwambia kwamba filamu imerudi kutoka Bujumbura na wiki hii itaonyeshwa Uvira, hakungoja. Jumapili, misa ilipoisha, alishuka kwetu akiwa bado na kitenge chake cha kanisani.

"Filamu iko?" aliniuliza kabla ya salamu.

"Iko, mama mukubwa. Karibu, ukae kwanza, unywe maji."

"Maji nitakunywa nikimaliza kumusikia."

"Utamuona muzuri. Televisheni ni kubwa."

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu asiyeelewa haraka. "Sura yake niko nayo ku picha, kila siku naiangalia. Minye nimekuja juu ya sauti. Imeanza kunipotea. Asubuhi naitafuta, inakuja kidogo, inaenda."

Nilimpeleka. Filamu ya mchana ilikuwa hiyo hiyo, na mabenchi yalijaa, kwa maana filamu ya nyumbani haipatikani kila wiki. Kijana mmoja wa benchi la nyuma alipomwona akamtania: "Mama, leo umekuja kuangalia karate?"

"Nimekuja kuangalia mutoto wangu," alijibu bila kugeuka. "Weye, mama yako anakuangaliaka wapi? Ndani ya giza hii?"

Wote wakacheka, na kijana akainuka, akamtafutia nafasi nzuri mbele, akakaa nyuma yake. Alikaa wima, pochi magotini, kama anayesubiri kuitwa hospitalini.

Filamu ilipoanza, sauti ya kwanza tuliyoisikia ilikuwa ya mfasiri. Alitusalimu, akatutania kidogo, akaanza kueleza. Nami ndipo nilipoelewa. Filamu ilikuwa ya Kifuliiru, na waliotaka kuiuza walitaka ieleweke na watu wa Bujumbura na wa Uvira wasiokijua Kifuliiru, kwa hiyo waliipeleka kwa mfasiri kama filamu nyingine yoyote. Nilitaka kumwambia mama mkubwa kabla filamu haijafika mahali pa mwanawe. Nikamwinamia nianze kueleza. Filamu haikunisubiri.

Akatokea. Alikuwa amevaa koti la kuazima lililomfika magotini, ana fimbo, uso ameukunja kizee. Watu walicheka kwa kumtazama tu. Akafungua kinywa, na kabla neno halijakamilika mfasiri akaruka juu yake kwa sauti nyembamba ya haraka:

"Wakwe zangu! Ng'ombe ziko njiani! Zimesimama kunywa maji kidogo, ziko na kiu, musizisumbue! Ee, huyu tunamuita Muzee Koti!"

Chumba kizima kikalipuka. "Muzee Koti! Muzee Koti!"

Mama mkubwa hakucheka wala hakulia. Aliinama mbele, akageuza kichwa, sikio likaelekea televisheni. Chini ya maneno ya mfasiri kulikuwa na mngurumo, mzito, wa taratibu. Ndiye. Lakini huwezi kushika hata neno moja. Akanikamata mkono.

"Ambia ule muntu anyamaze."

"Mama mukubwa, hayuko hapa."

"Si ninamusikia?"

"Yuko Bujumbura. Sauti yake imeingizwa ndani ya filamu."

Akasimama. Akainyoshea televisheni kidole, kama anavyowanyoshea watoto wanaopiga kelele kanisani. "Weye! Nyamaza kidogo, mutoto anaongea!"

Watu wakacheka zaidi, wakidhani naye ameingia katika mchezo. "Mama, na weye ufasiri! Mumupe mikro!" Kisha waliokuwa karibu wakauona uso wake, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Yule kijana wa karate ndiye aliyemwomba mwenye sinema arudishe nyuma. Akarudisha. Koti likatokea tena, kinywa kikafunguka tena, na mfasiri akaruka tena mahali pale pale, na ng'ombe wakasimama tena kunywa maji. Akarudisha mara nyingine. Watu wa benchi la nyuma, ambao hawakujua, wakaanza kupiga kelele, "Endesha! Endesha!" Mama mkubwa mwenyewe akasema, "Muache, bantu wamelipa." Tukatoka.

Kibandani alikaa kwenye kiti changu, akanionyesha kompyuta kwa kidevu.

"Weye si unajua hizi masini? Utoe ule muntu. Umuache mutoto peke yake."

"Haiwezekani, mama mukubwa."

"Kwa nini? Minye nikiwa na muchele iko na mawe, napepeta, nachagua, mawe inatoka. Ni kazi, lakini inatoka."

Lilikuwa swali zuri, na swali zuri hunifanya nitake kulijibu vizuri. Nikamwambia kwamba mchele na jiwe, hata vikichanganyika, kila kimoja kinabaki kipande chake, ndiyo maana mkono unaweza kukichukua. Lakini sauti mbili zikishawekwa pamoja ni kama maji ya vikombe viwili yaliyomwagwa katika beseni moja. Huwezi kusema haya ni ya kikombe hiki. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole, "Nimesikia. Sasa ujaribu."

Nikajaribu. Nilimvalisha vifaa vya masikioni, nikazima upande mmoja, nikazima mwingine. Nilishusha sauti nyembamba na kupandisha nzito. Wapo wenye mashine wanaosema jambo hili linawezekana siku hizi, na programu moja niliyopewa na rafiki niliijaribu pia. Mfasiri alipungua akawa kama mtu aliye ndani ya pipa, na mwana wa mama mkubwa akapungua pamoja naye.

Niliwapigia vijana wa Sange. Filamu ya mwanzo, ile kabla ya kufasiriwa, ilikuwa wapi? Haipo tena: wana kadi moja tu ya kamera. Wakimaliza filamu wanaifuta kadi ili wapige nyingine, na kompyuta waliyotumia ilikuwa ya kuazima. Kijana aliyenijibu alikuwa rafiki wa marehemu. Akasema, "Kaka, hatukufikiria. Tulijua filamu iko." Ni kweli, filamu ipo. Kisha nikampata mfasiri mwenyewe kwa simu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini ni mtu mwema. Nilipomweleza, sauti yake ile ya vichekesho ikaisha kabisa. Alisema wanamletea filamu, anazungumza, anawarudishia, habaki na kitu. "Umwambie mama nilikuwa naona ni muigizaji muzuri," alisema. "Ndiyo maana nilimupa jina." Nilipomweleza mama mkubwa hilo, akanionyesha tena kompyuta kwa kidevu.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki. Pale kinywa kinapofunguka, kabla mfasiri hajaruka, kuna nafasi ndogo sana. Nilikata kipande hicho. Ni pumzi, na mwanzo wa neno, labda nusu ya silabi. Nikampa asikilize. Akasikiliza, akaniomba nirudie, akafumba macho. Nilikuwa nimeshafungua droo kutafuta kadi ya kumwekea kwenye simu yake, kwa kuwa nilitaka sana aondoke na kitu mkononi.

"Acha," alisema.

"Ni yeye, mama mukubwa. Hapa hakuna muntu mwingine juu yake."

"Ni yeye, lakini anakatwa. Nikisikia hii kila siku, hii ndiyo itabaki. Ile ingine ambayo iko bado kidogo kwa kichwa yangu itatoka, itaachia hii nafasi."

Akainuka, akaufunga upya upande wa kitenge uliolegea, akaomba yale maji. Nilimsindikiza hadi anapopandia gari la Sange. Njiani alinipa pole mimi, kwa taabu niliyopata.

Nilidhani ubaya umeishia hapo. Siku chache baadaye alinipigia asubuhi, kabla sijafungua kibanda.

"Nimemuota," alisema. "Alikuja mupaka mulangoni, bila koti, na shati yake ya kila siku. Nikafurahi. Akafungua kinywa juu ya kunisalimia, ikatoka sauti ya ule muntu wa ng'ombe."

Nikamwambia itapita. Nikamweleza kwamba kitu kipya huwa na nguvu siku za kwanza, kisha kinafifia na cha zamani kinarudi, kama wimbo unaokushika wiki nzima halafu siku moja unaamka haupo. Nilieleza kwa muda mrefu, kwa utaratibu, na yeye alikuwa akiitika, "Ee. Ee." Lakini sijui kama ni kweli. Sijui sauti inayofunikwa kichwani inarudi vipi, na hakuna mashine ya kufungua nikaangalia. Tangu hapo kila nikimpigia namuuliza habari za mpunga, naye ananijibu za mpunga, na wote wawili tunajua ninachoogopa kuuliza.

Ijumaa iliyofuata flashi ilikuja kama kawaida. Nilifuta ubao, nikaandika filamu mpya za wiki hii. Watu wakasimama kusoma, wakauliza nani amefasiri. Niliwajibu. Baadhi bado wanaitaka ile ya Muzee Koti, na nawawekea, kwa kuwa ndiyo kazi, na kwa kuwa hawafanyi kosa lolote wanapocheka. Inachekesha kweli. Ninashusha tu sauti ya kompyuta wanapoionja kabla haijaingia kwenye simu zao.

Mimi siwezi kumsaidia mama mkubwa. Wewe bado unaweza kujisaidia, na si vigumu, hata kama hujawahi kuigusa sehemu hiyo ya simu yako. Asiye na simu ya namna hiyo aazime ya jirani. Leo, nenda kwa mtu wako. Fungua mahali pa kurekodi sauti, bonyeza kitufe chekundu, iweke simu karibu naye, mezani au mkekani. Muulize jambo la kawaida: anavyopika sombe, yale majani ya muhogo, au njia aliyopita alipokuwa akienda shule. Akianza kujibu, usimkatize wala usimsaidie kumaliza. Akimaliza, hifadhi, kisha nakili sauti hiyo kwenye kadi ya pili, na kadi hiyo umpe mtu mwingine akutunzie.