Tone la Mwisho la Divai

Mzee wetu wa kanisa, pale Ngara, alishika kikombe cha Meza ya Bwana kwa mikono miwili inayonukia sabuni. Kila mtu akishakunywa, mzee alipangusa ukingo kwa kitambaa cheupe, polepole hata tukachoka kungoja. Divai iliyosalia aliimaliza mwenyewe, kisha akamshika mkono Odero, fundi viatu kutoka Siaya, wakale githeri, mahindi na maharagwe, kwake. Jumapili moja ya mwaka 1969 alitunywesha sote, Odero wa mwisho, halafu akabaki akikitazama kikombe.

"Maliza, mzee," Odero akamwambia.

"Siwezi. Juzi kule kwetu Kiambu watu wa kabila langu walinilisha kiapo."

"Kiapo gani?"

Akapangusa ukingo, akapangusa tena.

"Cha kuwakataa watu wa kwenu."