Kamba ya Edinah

Wewe ungeomba ruhusa ya kutumia jina lako mwenyewe? Mimi nisingeomba. Ndiyo maana, mwaka 2006, nilimdhania Edinah Wakhungu kuwa mwoga. Alikuwa msimamizi wangu katika chumba cha kompyuta cha idara ya kilimo, kwenye tawi la chuo chetu mjini Kitale.

Idara ilikuwa imepata seva ya saraka, mashine inayomtambua kila mwanafunzi kwa jina na nenosiri lake. Lakini kompyuta hazikuweza kuifikia bila kuelekezwa, na maelekezo yalitoka kwenye seva za majina za chuo kizima. Hizo zilikuwa makao makuu ya chuo, Bungoma, mikononi mwa mzee Mathenge, naye alikataa kuitambua seva yetu. Mtihani wa vitendo ulikuwa kesho yake. Mkuu wa idara alikuwa ametuambia wazi kwamba wanafunzi wasipoingia, kompyuta zote zitahamishiwa Bungoma.

"Si tujitegemee tu, Madam," nikamwambia. "Seva yetu ijijibie kila kitu. Huyo mzee atatufanya nini?"

"Aliyekuwa hapa kabla yangu alifanya hivyo. Seva yake ikajibu kwa jina la chuo kizima. Kompyuta zote za Kitale zikashindwa kuifikia Bungoma, na aliyelaumiwa ni Mathenge."

"Kwa hivyo tumpigie magoti?"

"Tumwite kwenye mpaka."

Edinah alikulia Tongaren, kwenye mashamba ya kugawiwa. Kwao hakuna anayepanda mti wa mpaka peke yake. Jirani lazima ashike ncha ya pili ya kamba ya kupimia. Akampigia Mathenge simu, akaiweka sauti ya wazi ili nami nisikie.

"Mzee, sitaki shamba lako. Nikatie kipande tu, jina la idara. Wewe andika upande wako, mimi wangu, na kila mtu amsomee mwenzake kabla ya kuhifadhi."

Mathenge akauliza, "Na yule kijana wako wa maneno mengi?"

"Yuko hapa. Atanyamaza."

Nikafura. Chuoni nilikuwa nimejifunza kwamba kila hodi ni kushindwa.

"Zima hiyo tabia ya seva yako ya kujiandika kila mahali," Mathenge akasema.

"Nimezima. Sasa inajiandika ndani ya kipande changu tu."

Akamsomea alichoandika. "Soma tena," mzee akasema.

Edinah akasoma tena, bila kinyongo. Kisha ikawa zamu ya Mathenge, naye akasoma polepole kama mtu asiyezoea kusikilizwa.

"Hapo simama, mzee," Edinah akasema. "Hiyo anwani ni ya seva ya zamani. Tulishaitoa."

"Ati? Hebu nitajie mpya."

Edinah akamtajia, Mathenge akaandika. Mzee niliyemwona mfalme alikuwa ameshika kamba kama sisi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Mathenge mlangoni petu, amekuja kutoka Bungoma kujionea, viatu vimejaa tope. Ndani, wanafunzi walikuwa wakiingia mmoja mmoja kwa majina yao, na mtihani ukaanza. Alipoona kompyuta moja imebaki wazi nyuma, aliketi, akaandika jina lake na kungoja. Mashine ikamkataa, maana jina lake halikuwa kwenye saraka yetu. Akajaribu tena, ikamkataa tena. Akanitazama, nami nikaangalia dirishani.

Basi akainuka, akatembea kwa kunyata katikati ya wanafunzi hadi kwenye meza ya Edinah, akainama.

"Madam," akanong'ona, "naomba uniandikishe."

Edinah akamvutia kiti.

"Keti, mzee. Taja jina, mimi nitakusomea."