Mistari Saba ya Matuta

Siku hizi nikisikia wataalamu redioni wakisema mama zetu walizaa bila hesabu, nazima redio. Nimeizima mara nyingi mpaka wajukuu wangu wananicheka. Mama yangu hakujua kusoma, na kalamu aliishika mara moja tu, kutia alama ya msalaba kwenye karatasi ya ndoa kanisani. Lakini hesabu alijua. Alijua moja ngumu kuliko zote nilizofundishwa baadaye: kukisia mwezi wa Machi ni watoto wake wangapi watakaokuwa hai mwaka ujao.

Lazima nieleze kilimo chetu, maana kila kitu kilianzia hapo. Kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Sumbawanga mjini, miti ilikuwa michache na nyasi tele. Mwishoni mwa mvua, nyasi zikiwa zimetufika kifuani, tulizilaza chini na kuzifunika kwa udongo, likawa tuta la mviringo. Kwa Kifipa ni ntumba. Nyasi zilioza humo ndani kiangazi chote. Mvua zikirudi tuliyatawanya matuta, tukasia ulezi, tukavuna Juni. Kwa hiyo jembe la Machi hii ndilo ugali wa Juni ya mwaka ujao, na ukikosea Machi huna pa kusahihishia.

Mama aliyapanga matuta kwa mistari, kila mdomo na mstari wake. Wa kwanza, kando ya njia ya kisimani, ulikuwa wake. Wa pili ulikuwa wangu, mimi kifungua mimba, kisha wadogo zangu wakafuatana. Baba hakuwa na mstari. Alikuwa ng'ambo ya mpaka, Rodeshia, kwenye migodi ya shaba, anakula ya kampuni, na kila aliporudi alituachia blanketi moja na mimba moja. Mtoto ambaye hajapita surua naye hakuwa na mstari. "Huyo bado mgeni," Mama alisema. Surua ilikuja kila baada ya miaka michache, ikachukua wageni wake, ikaenda zake. Mama alikuwa amezaa kumi na kuzika wanne. Nguvu za mwili mmoja zilitosha mistari mitano, na mitano ndiyo aliyoilima, wake na ya watoto wanne wakubwa. Sikuona ukatili wowote katika jambo hilo. Kila nyumba ilifanya hivyo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kama kumi na mitatu. Wageni wetu walikuwa wawili, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa ameanza kusema vizuri, na msichana wa mwaka mmoja na kitu niliyekuwa nikimbeba mgongoni toka asubuhi hadi jioni. Surua ikaja Septemba, matuta yakiwa yamekwisha kufunikwa tangu Machi. Lakini mara hii misheni ilikuwa na zahanati, na ndani yake sista mmoja wa Kizungu mwenye sindano. Mama aliwapeleka wote wawili, vifua vimewabana, midomo imewakauka. Nadhani aliwapeleka kwa sababu padre alikuwa ametangaza kanisani, si kwa matumaini. Sista akawachoma sindano siku sita mfululizo. Siku ya saba mdogo wangu akaomba ugali.

Mama alicheka. Nakumbuka sana kile kicheko, maana baada ya hapo sikukisikia tena.

Ugali! Ndiyo kwanza wameanza kuuomba. Wageni wawili waliopona walikula kuliko sisi wakubwa, na kihenge kilikuwa na ulezi wa watu watano. Kufika Januari, ukipiga kihenge kwa ngumi unasikia kitupu. Tulikula uji mara moja kwa siku, baadaye mboga za porini na uyoga. Baba alikuja Krismasi, akaiona njaa, akaahidi kuleta kitu, akarudi migodini upesi. Akaacha blanketi na mimba kama kawaida. Mama alilishusha blanketi bondeni Ilemba kulibadilisha kwa mahindi, akarudi na debe moja kichwani. Wanawake wote wa kwetu walikuwa wanafanya vivyo hivyo, maana kila nyumba ilikuwa na wageni waliopona. Ilemba ni joto, blanketi la nini? Watu wa kule walituhurumia tu, na huruma yao nayo ikafika mwisho.

Mwezi wa Februari miguu ya yule mtoto wa mgongoni ikaanza kuvimba. Nywele zikawa nyekundu, akaacha kulia. Mama akanichukua tukaenda zahanati.

"Tumsifu Yesu Kristu, Sista."

"Milele amina. Mtoto huyu anataka chakula, mama. Maziwa, maharage, mayai."

"Najua anachotaka. Sista, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba hawatakufa. Ungeniambia mapema, mwezi wa Machi, ningewalimia."

Yule sista alikuwa kijana, uso umemwiva kwa jua. Alimtazama Mama kana kwamba ametukana kanisani. "Mshukuru Mungu, mama! Watoto wote wazima!"

"Namshukuru asubuhi na jioni. Lakini wakiamka niwape nini?"

Sista alitupa mikebe miwili ya maziwa ya unga. Hakuwa na zaidi, na foleni nyuma yetu ilifika getini. Njiani Mama alikaa chini mara tatu kwa sababu ya mimba na njaa, na kila alipokaa niliogopa kwamba hatainuka.

Machi ikafika. Majirani walisema Mama asilime, ana mimba na mwili hauna kitu. Akalima. Alianza alfajiri, nami upande wa pili, mtoto mgongoni akiwa mzito kwa ule uvimbe. Siku ya nne au ya tano jembe lilinitoka mkononi, nikakaa chini kwenye nyasi, nikasema jambo ambalo sijawahi kulisema kwa padre hata kwenye kitubio.

"Mama, huyu afe tu. Akifa yeye tutatosha."

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi angenipiga. Alisimama ameegemea mpini, anahema.

"Nani kakufundisha kutoa watoto, mwanangu?"

"Wewe," nikasema.

Akainama akaendelea kulima. Mchana ule aliniambia nimletee mtoto, akampa uji wake wote, kijiko kwa kijiko, nami nikiangalia. Siku iliyofuata vilevile. Sikumzuia. Nilikuwa na njaa, na nafsi yangu ilikuwa imechoka kupenda watu.

Mvua zilipokatika, mistari ilikuwa saba. Nilihesabu nikaona sawa: Mama na sisi sita, sasa hatuna mgeni. Aliye tumboni hakuhesabiwa kwetu kamwe. Ila niliona kitu kimoja cha ajabu, kwamba kando ya njia ya kisimani, mahali pa mstari wa kwanza, nyasi zilikuwa bado zimesimama. Mama alikuwa ameanzia kwenye mstari wangu, akaongeza mwisho wa shamba. Nikadhani pale udongo umechoka.

Miguu ya mtoto ilinywea mwezi wa Mei. Mwezi wa Septemba Mama alijifungua, akatokwa na damu nyingi. Mwanamke aliyemzalisha alikuwa mzoefu, lakini alisema hakuna alichoweza kufanya, kwani mwili haukuwa na damu ya kupoteza. Mama alikufa kabla hatujapata watu wa kumbeba kwa machela mpaka misheni. Mtoto, wa kiume, aliishi. Sista alimlea kwa maziwa ya mkebe hadi Pasaka, nikaenda kumchukua. Baba alikuja, akalia makaburini, akarudi migodini. Shangazi, dada yake, aliyekuwa na shamba lake jirani, akawa anakuja kutuangalia, na mvua ziliporudi akatutawanyia matuta na kusia.

Juni ya mwaka uliofuata tulivuna. Shangazi alikuwa akikata masuke, mimi nayabeba, na nilipofika ukingoni, kwenye njia ya kisimani, mahali pa mstari wa Mama, nikaziona zile nyasi za mwaka jana, ndefu, hakuna jembe lililozigusa. Nikageuka nikahesabu tena. Wangu, wa wadogo zangu watano, na ule wa mwisho aliouongeza. Saba. Na sisi tulikuwa saba, pamoja na yule wa mkebe. Nilikaa pale chini nikalia hadi Shangazi akadhani nimeumwa na nyoka.

Alikuwa amesikia niliposema mmoja atolewe tutoshe. Alijitoa yeye.

Kihenge kilijaa mwaka ule. Nilisonga ugali mwenyewe, nikagawa, kila mtu akala mpaka akasukuma sahani. Ulezi ulitutosha mpaka mavuno mengine, na hatukulala njaa hata siku moja.