Siku Tulipolipima Jipu kwa Kamba

Juzi hapa Same niliona vijana wa gereji wakitumia mashine yenye taa nyekundu kupima magurudumu ya gari lililoinuliwa, nikamkumbuka baba.

Alikuwa na jipu, gari kuukuu la kupandisha watu na tangawizi mlimani. Springi ndefu zilipoanza kupatikana madukani alizifunga, jipu likanyanyuka juu ya mawe. Lakini likawa linavuta kushoto, upande wa korongo, na abiria wakaanza kulikwepa.

Mchana mmoja fundi aliyeitwa na baba alilala chini yake, akizungusha nati za vyuma virefu vinavyoshika ekseli ili magurudumu yarudi mahali pake. Palinuka grisi na vumbi la moto. Baba alivuta kamba ya katani kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, akafunga fundo kutia alama ya urefu ili alinganishe na upande wa pili, akaiweka chini.

Mimi kamba ya namna ile niliiona mara moja tu, wajomba walipompima bibi kabla ya kuchimba kaburi. Niliinyakua ile ya baba, nikaificha ndani ya gauni, nikalia.

“Baba, usijipimie!”

Fundi alicheka mpaka akagonga kichwa. “Mzee, binti yako ameshakuzika!”

Baba hakucheka. Aliniomba kamba, akanishikisha ncha yake upande wa pili wa jipu. “Kaza hapa, mama. Pande zikilingana, nitarudi nyumbani.”

Nilikaza hadi vidole vikauma. Fundi alizungusha nati mara tatu ndipo pande zikalingana.

Kesho yake baba alipanda na abiria, na alasiri nilisikia honi yake ikishuka mlimani. Kwa miaka niliamini vidole vyangu ndivyo vilivyomrudisha. Sasa najua ni nati, ingawa baba akisimulia husema mafundi tulikuwa wawili.